Bega na kiwiko cha kulia vinanitesa, nichome sindano au nifanyeje?

FundiRangi_Mbagala

Habari za jioni wakuu, naombeni msaada kwa wanaoyajua haya mambo. Mi ni fundi rangi, naskimu kuta, napiga dari za jipsam, yaani kazi ambayo siku nzima mkono uko juu. Tangu masika iliyopita bega la kulia halieleweki. Nikinyanyua mkono kwa pembeni mwanzoni poa tu, ukikaribia usawa wa bega panachoma kama msumari wa moto, nikivumilia nikapita pale huko juu kabisa panaachia. Kuushusha ndo kunauma kuliko kupandisha. Usiku nikigeukia upande ule bila kujua nashtuka usingizini.

Kama haitoshi na kiwiko nacho kimeanza, mkono uleule, kwa nje pale penye kifupa. Nikibeba ndoo ya rangi ya lita 20 vidole vinaachia, kukamua kitambaa siwezi, hata kikombe cha chai siku hizi nashika kwa kushoto.

Duka la dawa wamenipa diklofenaki na mafuta ya kuchua, nikinywa nafuu, zikiisha yanarudi palepale. Eksrei nimepiga wakasema mifupa haina tatizo, sasa kama mifupa haina tatizo mi naumwa nini? Dokta mmoja wa zahanati kaniambia nichome steroidi, ile sindano ya kutuliza uvimbe na maumivu, bega na kiwiko siku moja nimalize kazi. Jirani anasema hizo sindano zinaozesha mifupa. Shemeji yangu anasema hapo ni kisu tu. Na mama kijijini anasema nirudi nikakandwe, kuna mzee anavuta viungo. Nishachanganyikiwa. Kuna saiti Kigamboni nyumba nzima inanisubiri, nikichelewa wanampa mtu mwingine. Umri 38, sukari sina ninayoijua.

Mama Warda

Pole sana mwanangu. Mi niko Tanga, nina sukari miaka mingi, bega la kushoto liliniganda mpaka kujifunga kanga nikawa nasaidiwa na binti yangu, na kujisugua mgongo ndo usiseme. Langu halikuwa la kuchoma sehemu moja kama lako, lilikuwa haliendi kabisa, hata mtu mwingine akilisukuma linagoma. Nimekandwa maji ya moto, nimechuliwa mafuta ya karafuu, dawa nimekunywa mpaka tumbo likaanza kuniwaka, na dokta akaniambia hizo diklofenaki kwa mtu wa sukari na presha ni kuzitafutia figo balaa, niache.

Ndo nikapelekwa kwa daktari wa mifupa akanichoma steroidi ndani ya kiungo chenyewe. Wallahi haikupita muda nikaanza kulala usiku. Sukari ilipanda siku kadhaa, walishanitahadharisha mapema nikawa naipima kila mara. Halafu mazoezi, unasimama mbele ya ukuta unapandisha vidole taratibu, ukifika mwisho binti anaweka alama ya penseli, kesho unaitafuta uipite. Kwa hiyo sindano usiiogope.

MzeeWaSpana

Mama Warda heshima yako lakini mimi nasema tofauti. Mi ni fundi gereji, kiwiko changu kilikuwa hivyohivyo kama cha huyu kijana, nje pale kwenye kifupa. Nikachomwa, aisee raha yake, baada ya siku chache nafungua nati za tairi la fuso kama sijawahi kuumwa. Miezi haikuwa mingi kikarudi kwa hasira kuliko mwanzo. Nikarudi nikachomwa tena palepale, safari hii nafuu ilikuwa fupi zaidi, na ngozi pale ilibonyea ikawa nyeupe, mpaka leo kuna kidoa watu wananiuliza umeungua na nini. Kijana kiwiko usichome. Bega sijui.

MtuWaMsimbazi

Wazee mnamtisha mwenzenu. Salah wa Liverpool, fainali ya Ligi ya Mabingwa 2018 kule Kyiv Ramos wa Real Madrid alimvuta mpaka chini akatoka analia, tukajua Kombe la Dunia ndo basi. Wiki tatu na ushee mbele yupo uwanjani na Misri dhidi ya Urusi na penati kafunga. Bega linapona mkuu, kaza.

MzeeWaSpana

Wewe nawe, Salah anaskimu dari Mbagala?

Fizio_Uswahilini

Hahaha Mzee wa Spana umemaliza. Ila nirudi kwenye mada, mi ni mtaalamu wa fiziotherapia, kesi kama hii naziona kila wiki, na niseme tu Mama Warda na Mzee wa Spana wote wako sahihi, wanaongelea magonjwa mawili tofauti ambayo yametibiwa kwa sindano ileile. Na la Salah lilikuwa la tatu, yeye aliangukia bega akaumia ghafla, hili lako limekuja polepole kwa kazi.

Fundi, anza na bega. Bega linashikiliwa na misuli midogo minne, kano zake, yaani zile kamba zinazoshikisha msuli kwenye mfupa, zinazunguka kichwa cha mfupa wa mkono, sisi tunaiita rotata kafu. Ya juu kabisa kano yake inapita chini ya paa la mfupa, na ndo hiyo inayolalamika ukinyanyua mkono kuanzia chini kidogo ya usawa wa bega mpaka juu yake kidogo, ukipita hapo inapumua. Maelezo yako yanaendana na hiyo kabisa. Eksrei haiwezi kuionyesha kwa sababu eksrei inaona mfupa, kano na misuli ni kazi ya altrasaundi au MRI, ile picha ya mashine ya sumaku. Na MRI usiikimbilie, ni laki kadhaa hizo, na hata ikionyesha kano imechanika kidogo haimaanishi ndo inayouma, maana watu wengi waliovuka miaka 60 ukiwapiga picha utakuta kano zimechanika na hawana habari, wanalima.

Sasa kabla ya yote fanya kitu kimoja hapo nyumbani. Kaa kwenye kiti, kunja kiwiko nyuzi 90 na ukibane kwenye mbavu kisitoke, mwambie mkeo ashike mkono wako karibu na kiganja auzungushe kwenda nje taratibu, we usimsaidie. Afanye na mkono wa kushoto alinganishe. Kama wa kulia unagoma kabisa hata akiusukuma yeye, hilo ni bega la kuganda kama la Mama Warda, na hapo nitataka upime sukari hata kama hujawahi kuambiwa unayo, maana wenye kisukari ndo wanaoongoza kwa hilo tatizo, na wenye matatizo ya tezi ya shingo pia. Kama unaenda vizuri tu, basi ni kano.

Kwa bega la kuganda sindano ndani ya kiungo mapema wakati maumivu ndo yamepamba moto inasaidia kweli, alichofanyiwa Mama Warda ndo penyewe. Bila tiba linaweza kukaa mwaka mpaka mitatu, kwanza linauma, halafu maumivu yanapungua ila limekaza, halafu linaachia kidogokidogo. Kwa bega la kano sindano inaweza kukupunguzia maumivu wiki kadhaa upate kulala na kufanya mazoezi, lakini yenyewe haiponyi, na kurudiarudia kunaidhoofisha kano.

Kiwiko ni hadithi nyingine. Ukiumwa hapo kwa nje wanaita kiwiko cha tenisi ingawa wagonjwa wangu wengi tenisi hawajawahi kuigusa, ni mafundi, wapika chapati, wafua nguo, washona viatu. Kano inayoumwa ni ya msuli unaonyanyua kiganja kwenda juu, ndo maana ukishika kitu kizito unahisi vidole vinaachia. Na hapa Mzee wa Spana ana ushahidi nyuma yake. Australia walifanya utafiti ukachapishwa 2006, kundi moja sindano, moja fiziotherapia, moja waliachwa tu wakapewa ushauri. Wiki ya sita wa sindano walikuwa wanacheka. Ilipofika mwaka walikuwa nyuma ya wote, hata wale walioachwa bila tiba waliwazidi. Kiwiko cha hivi wengi sana kinapona ndani ya mwaka au mwaka na nusu bila kisu wala sindano, ni uvumilivu na mazoezi sahihi. Ile ngozi kubonyea na kuwa nyeupe nayo inajulikana, dawa ikikaa karibu sana na ngozi inakula mafuta ya chini yake na rangi.

FundiRangi_Mbagala

Shikamoo Mama Warda, shikamoo Mzee wa Spana, na asanteni wote. Fizio ubarikiwe sana, hakuna dokta aliyewahi kunieleza hivi. Jioni wife akirudi nafanya hicho kipimo. Ila hujasema mazoezi gani, na je niache kazi? Nikiacha watoto hawali. Na kuna jamaa saiti kaniambia kuna sindano wanakutoa damu yako wanaizungusha kwenye mashine wanakurudishia kwenye kiwiko.

Mama Warda

Marahaba mwanangu.

Fizio_Uswahilini

Ya damu ipo, ni ghali, na tafiti za karibuni zilipojumlishwa kwa kiwiko cha tenisi hazikuona ikishinda sindano ya maji ya chumvi, yaani isiyo na dawa. Hela yako kaa nayo.

Kazi usiache ila ibadilishe. Panda jukwaa juu zaidi ili dari iwe karibu na uso, mkono usinyooke muda mrefu juu ya kichwa, kwenye rola weka fimbo ndefu ushike kwa mikono miwili. Dari piga asubuhi kidogo, hamia ukutani, rudi dari baadaye, usipige dari siku nzima. Ndoo ya lita 20 igawe mbili. Na kitu chochote unachonyanyua nyanyua kiganja kikiangalia juu, hapo mzigo unahamia kwenye msuli wa mbele ya mkono na kiwiko kinapumzika, hii ndogo lakini wengi wanaona tofauti siku hiyohiyo. Ukitaka mkanda wa kiwiko, ufunge vidole viwili chini ya kifupa sio juu yake. Mkono usiutundike kwenye kitambaa shingoni eti unapumzisha, bega linakaza haraka sana.

Mazoezi ya kiwiko: weka mkono mezani, kiganja kiangalie chini na kining'inie nje ya ukingo, shika chupa ya maji ya nusu lita. Tumia mkono wa pili kukinyanyua kiganja juu, halafu kiachie kishuke chenyewe taratibu, polepole kabisa, huko kushuka ndo kuna dawa. Kumi na tano, pumzika, rudia mara tatu, kila siku. Maumivu kidogo wakati unafanya ruksa, yakikesha mpaka asubuhi punguza uzito.

Ya bega, wiki za mwanzo kiwiko kimekunjwa, simama ubavu karibu na ukuta usukume mgongo wa kiganja kwenye ukuta bila mkono kusogea, hesabu mpaka thelathini. Likikubali tafuta tyubu ya baiskeli, kata, funga kwenye komeo la mlango, bana kitambaa kati ya kiwiko na mbavu na uvute tyubu kwenda nje. Baadaye ndo unaanza kunyanyua kitu chepesi. Jipe wiki 12 kabla hujasema haifanyi kazi, watu wanafanya wiki mbili wanaacha wanasema fizio ni kupoteza nauli.

NesiLeicester

Naongezea hapo kwenye kisu maana shemeji yake fundi kasema ni upasuaji tu. Niko wodi ya mifupa huku Uingereza. Zamani bega la kuchoma kama hilo walikuwa wanaingiza kamera wanachonga lile paa la mfupa ili kano ipate nafasi, operesheni hiyo ilikuwa maarufu sana. Kuna utafiti ukatoka 2018 kwenye jarida la Lancet, watu 300 na ushee, wengine wakachongwa kweli, wengine wakaingizwa kamera tu bila kuchongwa chochote na hawakuambiwa, wengine wakaambiwa wasubiri. Waliochongwa na walioingizwa kamera tu walikuwa sawa kabisa, na waliosubiri waliachwa nyuma kidogo sana ambako kwa mgonjwa huwezi kusema ni faida. Toka hapo hiyo operesheni imekuwa ya kufikiriwa mara mbilimbili.

Na bega la kuganda pia 2020 walilinganisha fizio pamoja na sindano, kulazwa usingizi daktari akalilegeza kwa kulisukuma kwa mikono, na kuingiza kamera kukata utando wa kiungo uliokaza. Baada ya mwaka hakuna iliyoiacha nyenzake mbali. Kwa hiyo unaanza na ya bei nafuu. Ila msije mkasema nimesema operesheni za bega hazina maana, mtu akianguka ghafla mkono haunyanyuki tena kano imekatika, au kijana bega linatoka kila akicheza mpira, hao kisu kinawasaidia na wasicheleweshwe.

WaKwetu_Same

Mnadharau sana tiba za asili. Kwetu kuna mzee anavuta viungo na kuchua, watu wanatoka mpaka Dar kumfuata. Nimemshuhudia mwenyewe mtu kaingia mkono umening'inia katoka anaunyanyua.

Dada_Moro

Kaka yangu siwezi kukubishia ulichokiona ila ngoja nikwambie la kwetu. Mtoto wa dada alianguka kwenye mwembe akavunjika juu ya kiwiko. Akapelekwa kwa mtu wakamfunga mianzi na vitambaa wakakaza kwelikweli. Usiku mtoto analia vidole vimevimba vimekuwa vya baridi, wakasema ndo dawa inafanya kazi. Kufika hospitali ya mkoa kesho yake jioni wakamkata kufungua nyama ya mkono, mkono wameuokoa lakini vidole vimejikunja vimebaki hivyo, kalamu anashika kwa shida. Alikuwa na miaka sita.

Fizio_Uswahilini

Pole sana dada, hiyo naijua na inauma. Mtoto aliyefungwa mkono, hata kama kafungwa hospitali kwa plasta, akiwa analia zaidi badala ya kupungua, vidole baridi, vimepauka, au ukimnyoosha kidole kimoja anapiga ukelele, fungua hapohapo mkimbilie hospitali, haisubiri asubuhi.

Mkuu wa Same sina ugomvi na mzee, bega lililochomoka akiwa na mkono mzuri anaweza kulirudisha kweli. Ila hajui kama kuna mfupa umevunjika humo ndani, na neva inayopita pale chini ya bega hajaipima kabla ya kuvuta. Na kiwiko kilichoumia mpya usikubali kabisa kichuliwe kwa nguvu, nyama iliyopondeka ikisuguliwasuguliwa inaweza kuota mfupa ndani yake, mtu anabaki na kiwiko kisichokunja wala kunyooka. Wanakuja na mkono uko kama mpini, ukiuliza wanasema tulikuwa tunachua kila siku asubuhi na jioni.

WaKwetu_Same

Kwenye kiwiko nakubali. Kwenye bega bado.

MtuWaMsimbazi

Mi nauliza, huku kwangu vidole viwili vya mwisho vinakufa ganzi nikiendesha bajaji muda mrefu nimeegemeza kiwiko mlangoni, nayo ni kano?

Fizio_Uswahilini

Hapana, hiyo ni neva inayopita nyuma ya kiwiko kwa ndani, ileile ukigonga mahali unaruka kama umepigwa shoti. Acha kuegemea, usiku usilale umekunja kiwiko sana, funga taulo ukizunguke kisikunje. Ikiendelea au nyama ya kiganja ikianza kuisha nenda wakaipime. Ganzi ikitokea shingoni ikashuka mkono mzima ni habari ya shingo. Na kwa wote humu, bega au mkono wa kushoto ukiuma huku kifua kimebana na jasho linakutoka, hayo sio mambo ya uzi huu, kimbia hospitali. Kiungo kikivimba kikawa cha moto na homa juu, hivyohivyo.

FundiRangi_Mbagala

Nimerudi wakuu. Wife kazungusha, mkono wa kulia umeenda nje sawasawa na wa kushoto, unauma kidogo mwishoni lakini unaenda. Akasema "mbona wewe mzima tu", nikamwambia subiri ndoo. Dukani nimepimwa na sukari, niko kawaida. Saiti nimewaomba waniongezee ubao mmoja wa jukwaa, msimamizi kaguna kwanza ila kakubali.

Fizio_Uswahilini

Safi, basi ni kano na sio kuganda, sindano zote mbili ziache kwanza. Anza kiwiko na ukuta leo. Diklofenaki usimeze kila siku, bora parasetamoli usiku ambao umezidiwa, na mto mmoja uuweke chini ya mkono ukilala chali. Baada ya wiki sita njoo useme umefika wapi. Ikifika 12 na hakuna kilichobadilika, au mkono ukaanza kuishiwa nguvu kabisa, nenda MOI, ile taasisi ya mifupa pale Muhimbili, au hospitali yoyote yenye daktari wa mifupa wakupige altrasaundi ya bega, mweleze umeshafanya mazoezi gani na kwa muda gani ili asikuanzishie upya.

MzeeWaSpana

Na hiyo chupa ya nusu lita jaza maji kijana, wengine wanashika tupu.